Babu alistaafu Ijumaa, Jumatatu mashine ikagoma

(Haya niliyasema mbele ya mafundi, wasimamizi na watu wa utumishi kutoka viwanda vya kusindika. Wengi waliniomba maandishi, nimeyaweka hapa karibu vile vile nilivyoyatamka.)

Ndugu zangu habari za asubuhi. Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Nashukuru kwa kunialika. Niliambiwa niongelee tija, na najua neno tija mmeshalisikia mpaka basi, kila semina tija, kila kikao tija, na mara nyingi likitajwa maana yake mfanyakazi anaambiwa akimbie zaidi. Mimi leo sitamwambia mtu akimbie. Nataka niongelee ule muda unaopotea mtu akiwa amesimama, nguvu anazo, nia anayo, mashine iko mbele yake, ila kuna kitu kimoja kidogo hakijui, mwenzake anakijua, na huyo mwenzake leo hayupo.

Niwape kisa. Nimekaa kwenye matengenezo miaka mingi, na kipande kirefu cha hiyo miaka nilikuwa kiwanda kimoja cha kukamua alizeti huku kanda ya kati, jina naliacha. Tulikuwa na ekspela tatu, zile mashine za kukamua mafuta. Namba moja na namba tatu zilikuwa hazina shida sana, ukiziwasha zinakamua. Namba mbili ilikuwa na tabia zake, na aliyezijua tabia zake alikuwa fundi mmoja mzee tuliyemwita Babu. Babu alikuwepo toka ile mashine inafungwa. Akipita pembeni yake anasimama kidogo, anachota mashudu yanayotoka, yale makapi ya mbegu iliyokamuliwa, anayabana kwa vidole, anayavunja, anayanusa, halafu anageuza koni, ile inayobana pale mashudu yanapotokea, kidogo tu, robo mzunguko pengine hata haifiki, anaendelea na safari yake. Sisi tulikuwa tunamwona kila siku. Hakuna aliyemuuliza anabana mashudu kwa nini.

Babu akafika miaka 60 akastaafu. Ijumaa tukamfanyia sherehe, soda, pilau, mabati, meneja akatoa hotuba nzuri kabisa, akasema kiwanda hiki ni Babu na Babu ni kiwanda hiki, tukapiga makofi. Jumatatu saa mbili asubuhi namba mbili ikakaba. Mbegu zinaingia, mafuta hayatoki, mota inanguruma kama inataka kung'oka, tukazima. Tukafungua, tukatoa yale mabonge, tukafunga, tukawasha, ikakaba tena. Mchana ukafika vijana wanne wako chini ya mashine wamelowa mafuta, foleni ya malori ya mbegu nje, wasichana wa kujaza madumu wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa wanasukana nywele, maana mafuta ya kujaza hayapo. Jamani, hapo hakuna mvivu hata mmoja. Ukimchukua mtu wa mahesabu akaangalia siku ile ataandika tija ya wafanyakazi imeshuka, na atakuwa sahihi kwenye namba, lakini wafanyakazi ni wale wale wa Ijumaa kasoro mmoja.

Simu ya Babu ilikuwa haipatikani, yuko shamba. Nikachukua bodaboda nikamfuata. Nikamkuta barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Namba mbili?"

Hata sijasema kitu. Akaniuliza asubuhi tumeiwashaje, nikamwambia tumewasha tukamwaga mbegu kama kawaida. Akatikisa kichwa. Akasema ile ukiilaza siku mbili inapoa mpaka ndani, huwezi kuipa mbegu tupu ikiwa ya baridi, unalegeza koni yote, unaanza kuilisha mashudu ya juzi kidogo kidogo, unachanganya na mbegu, unasubiri bomba zima lipate moto mpaka mkono hauwezi kukaa, ndo unaanza kukaza taratibu. Na yale mashudu unayabana kwa sababu yanakuambia mbegu iko vipi, yakiwa kama unga mbegu imekauka mno, yakitoka laini kama ugali wa moto mbegu ina maji, yakivunjika kama kigae chembamba hapo ndo penyewe usiguse kitu. Dakika 10 hazikufika nimeelewa kitu ambacho kiwanda kizima kimeshindwa toka asubuhi.

Nikamuuliza, Babu mbona haya hukuwahi kutuambia? Akaacha kupukuchua, akaniangalia. "Nani aliniuliza? Mlikuwa mnaniita nije nitengeneze. Nikishatengeneza mnasema ahsante Babu, mnaondoka." Halafu akanyamaza kidogo akaongeza kitu ambacho mimi mpaka leo nakibeba. Akasema, "Na ule mwaka wa kupunguza watu, niliona nani alibaki."

Naomba tukae hapo kidogo, maana watu wengi wakisikia kisa kama hiki wanasema wazee wana roho mbaya, wanaficha ujuzi. Mimi sikubali. Yule mzee aliona kwa macho yake wenzake waliokuwa wanajua kazi ya kawaida wakipewa barua, na waliokuwa wanajua kitu peke yao wakibaki. Kampuni yenyewe ndo ilimfundisha kwamba kitu kilichoko kichwani kwake ni akiba yake. Sasa leo unamwambia andika yote humu tukuwekee kwenye mfumo, bila kumwambia atapata nini, bila kumpa hata saa moja ya kuandika ndani ya shifti, bila jina lake kuonekana popote, na wewe unashangaa haandiki?

Na mifumo tulinunua. Sehemu nyingine niliyofanya kazi baada ya pale, nayo siitaji, walileta programu ya kompyuta ya kutunza maarifa ya kazi, wakaleta mtu akatufundisha siku mbili, kila mmoja akapewa nywila. Kompyuta ikakaa ofisini kwa mhasibu yenye kiyoyozi. Fundi ana grisi mpaka kwenye kiwiko, amemaliza kurekebisha pampu saa nne usiku, aende akanawe, aombe ufunguo wa ofisi, akae ajaze fomu yenye vipengele vingi vya kuchagua, kimoja kinataka namba ya kifaa ambayo ilishafutika kwenye kibati zamani. Miezi ikapita, ukifungua unakuta maandishi mawili matatu ya majaribio ya yule mwalimu. Hela ilitoka, mfumo upo, maarifa hayamo.

Sasa niwape mfano wa watu walioshika upande mwingine. Mnaijua Xerox, kampuni ya Marekani ya mashine za fotokopi, huku kwetu kuna watu wanasema naenda kuziroksi. Miaka ya 1980 kituo chao cha utafiti kule California kilikuwa na mtu anaitwa Julian Orr, huyu ni mwanaanthropolojia, yaani kazi yake kukaa na watu na kuangalia wanavyoishi, na yeye akaenda kukaa na mafundi wa fotokopi. Akawafuata kwa wateja, akala nao. Kampuni ilikuwa inaamini fundi anatengeneza kwa kufuata kitabu: mashine ikionyesha namba fulani ya hitilafu, fungua ukurasa fulani, fanya moja mbili tatu. Orr akakuta kitabu kinasaidia mpaka mahali fulani, halafu kinaishia. Mashine inaonyesha namba ya hitilafu hii kumbe ugonjwa uko kwingine kabisa. Na mafundi wakifika hapo wanafanyaje? Wanasimuliana. Mmoja anasema unakumbuka ile ya mteja fulani ilifanya hivi, mwenzake anasema hapana ile ilianza na sauti kwanza, wanapeana visa huku wanajaribu, mpaka ugonjwa unapatikana. Wakikutana kula asubuhi ni visa vya mashine tu. Msimamizi akipita akiwaona anasema hawa wanapiga soga. Kumbe ile soga ndo kitabu chenyewe.

Xerox ikaja kutengeneza mfumo wakauita Eureka, ulianzia Ufaransa miaka ya 1990 mwanzoni, kwanza kupitia vile vifaa vya Minitel ambavyo Wafaransa walikuwa navyo majumbani kabla ya intaneti kuenea. Fundi akigundua dawa ya tatizo ambalo kitabu hakina, anaiandika kwa ufupi, mafundi wenzake wazoefu wanaipitia na kuijaribu, ikithibitika inaingia na kila fundi anaiona. Wapo waliofikiria kuwalipa mafundi kwa kila kidokezo. Mafundi wenyewe hawakuitaka ile hela. Walichotaka ni jina la aliyegundua likae kwenye kidokezo chake. Basi. Ukifungua unaona dawa hii ni ya fundi fulani wa mji fulani, na fundi wa nchi nyingine anakuheshimu kabla hajakuona. Mfumo ukaenda Kanada, ukaenda Marekani kwenyewe, ukasambaa nchi nyingi, na kampuni ikaokoa mamilioni ya dola kwenye spea na muda wa mafundi.

Mimi nilipokisoma kisa hicho nilimkumbuka Babu barazani na mahindi yake. Mtu ambaye hakuna aliyemuuliza. Jina lake lilikuwa limeandikwa wapi kwenye kile kiwanda? Kwenye daftari la mahudhurio na kwenye cheti cha kustaafu, kwisha.

Najua wengine hapo mnasema sisi hatuna shida hiyo, sisi tuna grupu la WhatsApp. Na kweli, tusidanganyane, kwa sasa mfumo mkubwa wa maarifa ya kazi Tanzania nzima ni grupu la WhatsApp. Fundi anapiga picha beringi iliyokufa anatuma, mwenzake aliye Singida anajibu kwa sauti sekunde 40, tatizo limeisha. Mi naipenda, siipondi hata kidogo, ina kitu ambacho ile kompyuta ya kwa mhasibu haikuwa nacho, mtu anaongea lugha yake na mikono yake michafu na anajulikana ni nani amesema. Shida inaanza wiki tatu baadaye ukiitafuta ile sauti. Iko chini ya salamu za Ijumaa, michango ya msiba, picha za kipaimara, na video ya mpira. Na aliyekuwa nayo kabadilisha simu. Kwa hiyo mnaulizana tena lile lile, na yule wa Singida anajibu tena, na mara ya nne anachoka anaacha kujibu, na mnaanza kusema siku hizi anaringa.

Hapa nataka niwasifu watu ambao hawasifiwi, watu wa masijala. Wale wanaotunza mafaili kwenye ofisi za serikali. Tumezoea kuwalaumu faili langu halionekani, na ni kweli mstaafu ambaye faili lake halionekani anateseka na mafao yake, hilo siwezi kulificha. Lakini jalada likitunzwa vizuri ni kitu cha ajabu sana. Kila barua ina namba yake ya folio, moja mbili tatu, hakuna kuruka, na kila aliyelishika ameandika dokezo lake, amesaini, ameweka tarehe. Afisa mpya akihamishiwa kituo leo asubuhi, hamjui mtu, analifungua jalada anaanza folio ya kwanza, jioni anajua jambo lile lilianzaje, nani alikataa, kwa nini alikataa, nani alibadilisha mawazo. Nchi ina hadi sheria ya kusimamia kumbukumbu na nyaraka, ya mwaka 2002. Kiwandani kwetu pampu ilibadilishwa mara nne na hakuna anayejua ile ya pili iliondolewa kwa nini, mpaka tukaifunga tena ile ile ya pili.

Ila na maandishi nayo yana mwisho wake, lazima niseme. Kuna ujuzi haukubali kukaa kwenye karatasi. Wajapani wa Matsushita, sasa hivi ni Panasonic, katikati ya miaka ya 1980 walikuwa Osaka wanahangaika na mashine ya kuoka mkate nyumbani, mkate unaungua nje ndani mbichi, wakapima kila kitu, hata donge lililokandwa na mashine na donge lililokandwa na muokaji wakayapiga picha za eksirei, wasipate kitu. Mhandisi wao Ikuko Tanaka akaenda kujifunza kwa muokaji mkuu wa hoteli iliyokuwa inasifika kwa mkate pale mjini. Akakaa akakanda naye. Akaja kugundua yule muokaji akiuvuta unga anausokota kidogo kwa namna yake. Ni kama shangazi yako na chapati, ukimuuliza maji kiasi gani anakuambia weka tu mpaka ukubali, na hakufichi, ndivyo anavyojua, mikono inajua kuliko mdomo. Tanaka akarudi, wakaongeza vijimbavu ndani ya sufuria la mashine ili mashine iige ule msokoto, na mashine ikafanikiwa, ikaingia sokoni 1987 ikauzwa sana. Kwa hiyo ukimwambia mtu kama yule muokaji jaza fomu, atajaza, na fomu itakuwa haina kitu. Huyo unampa mtu wa kukaa naye, tena unamweka naye mapema, siyo mwezi wa mwisho kabla ya mabati.

Na wakubwa nao wanapoteza. Marekani kuna kiwanda kinaitwa Y-12, mji wa Oak Ridge, jimbo la Tennessee, walikuwa wanatengeneza kitu cha siri cha silaha za nyuklia, jina lake la kificho Fogbank. Wakaacha. Miaka ikapita wakakihitaji tena, wakakuta kumbukumbu chache mno na karibu watu wote waliokuwa wanajua wameshaondoka. Ripoti ya wakaguzi wa bunge lao ya mwaka 2009 inataja dola milioni 69 zilizotumika kuhangaika na tatizo hilo. Na baadaye wakagundua kwamba kitu cha zamani kilifanya kazi sababu kulikuwa na uchafu fulani ndani yake, usafishaji wa kisasa ukauondoa, na wale wazee wa mwanzo wenyewe hawakujua kama uchafu ule ndo dawa. Hiyo silaha mimi siitamani hata kidogo. Nataka muone tu kwamba hela nyingi haikuwasaidia kukumbuka.

Nirudi nyumbani, maana kisa ninachokipenda kuliko vyote kimepita Ifakara.

Mwaka 2007 mpaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi moja kwenye hospitali 8 duniani, Toronto, London, Seattle, Auckland, New Delhi, Manila, Amman, na Ifakara yetu, kule Kilombero mkoa wa Morogoro. Karatasi ina mambo 19. Timu ya upasuaji inasimama mara tatu, kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kuchana, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani, na wanasoma kwa sauti. Huyu mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini, upande gani. Ana mzio? Antibayotiki amepewa? Pamba na vyuma vimehesabiwa vimetimia? Na kila mtu aliyeko mle ndani anataja jina lake na kazi yake. Ndugu zangu, humo hakuna hata jambo moja ambalo daktari alikuwa halijui. Matokeo ya hospitali zote 8 kwa pamoja yakatolewa Januari 2009, vifo vilitoka asilimia 1.5 vikafika 0.8, matatizo makubwa baada ya upasuaji yalitoka asilimia 11 yakafika 7. Madaktari ni wale wale. Ujuzi ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kitu kilichokuwa kichwani kwa mmoja kimesemwa kwa sauti wenzake wote wakiwa wanasikia, kwa wakati kinapohitajika.

Na lile la kutaja majina msilione dogo. Nesi mdogo akishataja jina lake mbele ya daktari bingwa, mdomo wake umefunguka, akiona kitu hakijakaa sawa atasema. Mimi shifti zote nilizoongoza baada ya kusoma hilo tulianza hivyo hivyo, hata kama tunajuana, kila mmoja jina lake na leo anashika nini.

Lakini subirini, kuna sehemu ya pili ambayo watu wa semina huwa wanairuka. Jimbo la Ontario kule Kanada waliamuru hospitali zote zitumie karatasi hiyo, na utafiti uliotoka 2014 ukaangalia hospitali 101, vifo na matatizo havikupungua kiasi cha kusema kuna tofauti. Wataalamu wanabishana mpaka leo kwa nini. Mimi kama mtu wa kiwandani jibu langu ninalo, nimeona fomu za usalama zimetikiwa vizuri zote kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa, na zimetikiwa Jumatatu. Amri ikitoka juu inazaa tiki. Mtu anayejua haongezi kitu pale, anatafuta tu kalamu.

La mwisho kubwa ni hili la akili bandia, maana najua mngeuliza. Mwaka 2023 Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond walitoa utafiti juu ya wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni moja ya programu, wengi wao wako Ufilipino. Wahudumu walipewa msaidizi wa kompyuta aliyejifunza kutokana na mazungumzo ya nyuma na wateja, anawapendekezea cha kujibu. Kwa wastani matatizo yaliyotatuliwa kwa saa yaliongezeka asilimia 14, kwa wale wapya wasio na uzoefu yakaongezeka asilimia 34, na kwa wale mabingwa hayakuongezeka cha maana. Fikirini vizuri hapo. Mashine ilijifunza kwa mabingwa ikawapa wapya. Ni kama Babu amegawanywa kwa vijana wote, kila mmoja ana Babu wake sikioni. Nafurahi sana kwa yule kijana mpya, kwa moyo wote, maana najua kulala chini ya mashine saa sita hujui unatafuta nini. Ila namuuliza mwenye kampuni, yule bingwa ambaye maneno yake ndo yamekuwa mwalimu, amepata nini? Jina lake liko wapi humo? Maana ukichota kisimani kila siku na hujali chemchemi, mwaka wa tatu utachota tope, na mabingwa wa kesho wakishaona kilichompata bingwa wa leo, watafunga midomo kama Babu alivyoifunga, tena kwa haki yao.

Ninachowaomba wenye viwanda ni vitu vya kawaida kabisa. Toeni nusu saa ndani ya shifti, inayolipwa, ya kukabidhiana na kuandika. Wekeni cha kuandikia pale mashine ilipo. Aliyegundua jina lake likae pale pale, na siku ya kupandisha mshahara mfungue muangalie majina. Na mkiwa na mpango wa kupunguza watu, msije mkaanza kwa kumpunguza yule aliyeshaandika yote, maana wenzake wote wanaangalia, na mtakuwa mmeua daftari siku hiyo hiyo.

Sisi baada ya ile Jumatatu tulifanya hivi. Meneja, namshukuru, alikubali kumlipa Babu aje siku mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, asishike spana, akae kwenye stuli aongee. Mimi na kijana mmoja tunaandika kwenye kaunta buku, la kawaida la dukani, tulilivalisha jaladio la plastiki tukalifunga na kamba kwenye nguzo ya namba mbili, kalamu nayo ikafungwa kamba. Kila ukurasa juu kuna dalili, sio jina la kifaa, dalili, kwa maneno ya Babu. "Inakohoa." "Inalia kama mlango." "Mashudu yanatoka na moshi." Chini yake cha kufanya, chini kabisa jina na tarehe. Mwanzo majina yote yalikuwa Babu, Babu, Babu. Mwezi wa pili likaingia jina lingine, halafu lingine.

Baadaye akaja binti mmoja kutoka chuo cha ufundi cha VETA kwa mafunzo ya vitendo, mkimya sana. Siku moja nakuta kwenye ukurasa wa Babu, ule wa mashudu kuvunjika kama kigae, ameandika pembeni kwa mwandiko mdogo kwamba mbegu za chotara zilizoanza kuletwa msimu ule hazifuati hivyo, ukisubiri kigae umeshachelewa, zinataka koni ikazwe mapema kidogo. Jina lake, tarehe. Nikaogopa kidogo, nikawaza Babu akija ataonaje, kitoto cha juzi kinamsahihisha. Babu akaja Alhamisi. Akavaa miwani, akasoma, akachukua muda. Akaenda namba mbili akachota mashudu akayabana. Akarudi, akaivuta ile kalamu kwa kamba yake, akaandika chini ya jina la yule binti, "Nimejaribu. Ni kweli." Akasaini.

Kaunta buku lenyewe nimekuja nalo, waliniruhusu, liko meza ile ya mbele karibu na maji. Mwenye ekspela inayomsumbua aje tuliangalie pamoja, mimi nipo mpaka saa nane.